Kilima Kisicho na Watu

Javan: Haloo? Nani mwenzangu?

Lydiah: Shemeji Javan, ni mimi Lydiah. Mama Kavata.

Javan: Lydiah! Mbona kelele hivyo?

Lydiah: Niko kibanda cha simu, Jericho sokoni. Habari za Buruburu?

Javan: Tuko tu. Bwanako hajambo?

Lydiah: Maingi alichukuliwa jana. Wageni walimkuta holini kwenye maonyesho akipangusa picha zenu vumbi.

Javan: Wageni... wale wa—

Lydiah: Usiwataje. Walibeba na ile picha ya kilima.

Javan: Ile ya makaa? Lakini hicho ni kilima tu, na ua wa minyaa.

Lydiah: Ndivyo alivyowaambia. Mkubwa wao akataka kujua mbona mafiga yametapakaa na nyumba hakuna hata moja, wenyewe wako wapi. Maingi akajibu yeye huchora anachokiona.

Javan: Na zangu?

Lydiah: Zako?

Javan: Zilikuwa ukuta huohuo. Hawakuziuliza?

Lydiah: Walizipita, shemeji.

(Laini inakwaruza.)

Javan: Jumapili nilisimama pale holini siku nzima. Wakaingia wale akina mama wanaouza matumbo Kiamaiko, wale waliofukuzwa kule kilimani. Moja kwa moja kwenye kilima chake. Mmoja akaweka kidole, akawaonyesha wenzake palipokuwa kwao. Wote wamezipa zangu mgongo. Na Maingi nani alimfundisha kushika makaa?

Lydiah: Wewe. Husema hivyo kila siku.

Javan: Sasa hata wageni wanalijua jina lake.

Lydiah: Unamwonea wivu mtu aliye ndani?

Javan: Wamempeleka kituo gani?

Lydiah: Shemeji, sarafu zinaisha. Kituoni wameniambia wanataka mtu aliyesomea picha awaeleze ile ina maana gani. Wewe ni mwalimu, watakusikiliza.

Javan: Niwaambie nini?

Lydiah: Kwamba haina maana yoyote. Ni ya kupamba sebule. Sema ni kama zako.

Javan: Lydiah—

Lydiah: Nisamehe. Sikukusudia—

Javan: Ulikusudia. Haya. Nitaenda asubuhi. Nitasema ni mwanafunzi wangu, kwamba watu hajui kuwachora ndiyo maana hawamo. Wataamini.

Lydiah: Na wakikugeukia wewe?

Javan: Mimi? Mimi nani ataniogopa. Mpelekee blanketi. Na umwambie...

Lydiah: Sema haraka, inakatika.

Javan: Siku ile tulipopita huko kilimani, tulikuwa wote. Mimi pia niliyaona yale mafiga, Lydiah. Nikageuka upande wa pili nikachora swara.

Lydiah: Sikupati, shemeji. Umechora nini? Haloo?