Uchungu wa Pindo Unaelekea Wapi

Kona yetu iko Lucky Summer, pale barabara ya vumbi inapokutana na lami, na benchi letu ni ubao wa kitanda uliowekwa juu ya mawe mawili ya ujenzi. Ni fupi hivi kwamba ukikaa, magoti yanakusalimia kidevuni. Mimi ni Phelister, nakaanga mandazi hapo kando, na kama kuna mtu Nairobi hii amesikia upuzi mwingi kuliko mimi, aje tulinganishe. Bile ndiye mwenye birika la kahawa chungu. Zedekiah tunamwita Stesheni kwa sababu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na hata ukimuuliza choo kiko wapi atakutajia stesheni mbili kwanza. Hamse ni Godoro, maana anauza magodoro ya jumla na anaamini hakuna shida ya dunia isiyotibiwa na godoro. Halafu kuna Odera, fundi cherehani, huyo ni Pindo. Pindo anaugua mgongo tangu mvua za Aprili, uchungu ulianzia kiunoni ukateremka mguu wa kushoto mpaka kwenye unyayo. Jumapili hiyo alifika mchana, akakaa, akaguna, akaweka simu juu ya goti.

Pindo: Mazoezi naacha. Nimeamua.

Stesheni: Niaje kwanza. Watu husalimiana.

Pindo: Poa. Mazoezi naacha.

Bile: Shika kahawa. Ni nini tena?

Pindo: Mgongo umenikaba hapa katikati, juu ya mshipi, tangu juzi. Na wakati nilianza hayo mazoezi ya Nzilani, yule dada wa fizio, wa kunyoosha viungo, kule Donholm, mgongo ulikuwa unauma kidogo tu. Shida ilikuwa mguu. Sasa hiyo ni kupona ama ni kuhamishwa?

Godoro: Kwani alikufanyisha nini?

Pindo: Unalala kwa tumbo. Unaweka mikono hivi, unainua kifua, kiuno kinabaki chini. Unashuka, unainuka tena, polepole. Ukiwa kazini unasimama, unashika kiuno, unajikunja kwa nyuma. Anasema nimeinamia cherehani miaka mingi, mgongo wangu unataka upande wa nyuma.

Stesheni: Ati mgongo unataka. Mgongo unatakaje na hauna mdomo?

Pindo: Hakukisia. Alinijaribu mbele, akanijaribu nyuma, akanijaribu kando, kila mara ananiuliza, sasa uchungu umeelekea wapi? Alisema si kila mtu ni wa nyuma, kuna watu dawa yao ni kuinama. Ni huo uchungu wenyewe unakuonyesha njia.

Godoro: Na kuelekea wapi ndiyo vizuri?

Pindo akakwaruza kikombe kwa ukucha.

Pindo: Hapo ndipo nimepotea. Alisema kuna mahali ukielekea, uendelee, na kuna mahali ukielekea, uache na umpigie simu. Nilikuwa nimeshtuka, nilikuwa naangalia ile picha ya mifupa kwa ukuta. Gani ni gani, sikumbuki.

Nikamwambia kutoka kwa karai langu ampigie basi, si simu anayo hapo kwa goti. Akasema zahanati imefungwa Jumapili, na simu ya Nzilani imezimwa tangu asubuhi, labda yuko kanisani. Na Griffins, mdogo wake aliye Ugenya, anataka jibu leo.

Bile: Jibu la nini?

Pindo: La boma. Mimi ndiye mkubwa. Mpaka nitoke kwa boma la marehemu baba niweke langu, Griffins hawezi kuweka lake. Mke wake amechoka kukaa kwa kibanda cha ujana na watoto watatu. Tumepanga Desemba.

Bile: Si utume fundi akujengee?

Stesheni: Wewe Bile, hiyo haitumwi. Ni kutoka alfajiri na miguu yako.

Pindo: Kijana wangu anabeba jogoo, mimi nabeba shoka, mama watoto anabeba moto. Tukifika, nguzo ya kwanza naisimamisha mimi. Sasa nitasimamisha nguzo na mgongo gani? Na kabla ya hapo kuna basi la usiku kucha. Mama amefuga huyo jogoo tangu mwaka jana. Griffins ameniambia kama siji, nisimzungushe. Leo jioni wanamchinja huyo jogoo, kuna wageni.

Hapo niliacha mandazi kidogo. Mama yake Pindo namjua, alikuja hapa mara moja akala mandazi yangu akanisifia. Ni mzee sana sasa. Nilimwonea huruma yule mama, na Griffins pia nikamwonea huruma, na mtu wa kuonewa huruma zaidi alikuwa amekaa pale akiangalia kahawa.

Lakini kijiwe ni kijiwe. Huruma haimalizi dakika.

Stesheni: Acha niwaeleze, mimi nimeona hiyo ramani. Uchungu ulikuwa unyayoni, hiyo weka Kisumu. Ukapanda ukafika nyuma ya goti, Nakuru. Ukaingia kwa makalio, Naivasha. Leo uko mgongoni, hiyo ni Nairobi. Hii kitu ni treni na inasafiri.

Godoro: Inaenda wapi?

Stesheni: Mombasa, itaenda wapi tena? Kichwani. Ikifika huko, buda, utaanza kushona suruali miguu mitatu.

Godoro: Zii, hapana. Shida ni mahali anaweka kichwa akilala. Kichwa chako usiku kinaangalia wapi, Pindo?

Pindo: Mlangoni.

Godoro: Unaona. Mlango wako uko upande wa ile transfoma. Transfoma inavuta. Inavuta kila kitu ya mwili kuja juu, damu, uchungu, hata chakula. Ungekuwa na godoro nzito ingezuia.

Bile: Na ni wewe unauza hiyo nzito.

Godoro: Ni bahati tu kwamba ni mimi nauza.

Bile: Mimi naona ni cherehani. Amekanyaga hiyo pedali miaka ngapi? Huo mtetemo wote ulikuwa umejaa kwa mguu. Fizio amekuja akaufungulia mlango, ukapanda. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa huyu alisikia la mkuu, guu likapona, ndio maana mgongo umevunjika.

Stesheni: Hiyo methali umeitumia vizuri sana.

Hakuitumia vizuri. Na mimi nilisema yangu, kwamba akandwe na mafuta moto yenye chumvi, kwa sababu mafuta moto ndiyo niliyokuwa nayo hapo mbele yangu. Kila mtu kwa hilo benchi hutibu na kitu anachouza.

Stesheni: Mimi nawaambia alipotoshwa. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema alale kwa tumbo. Wewe Pindo, simama. Inama, shika vidole vya miguu, turudishe hii treni ilikotoka.

Pindo: Nzilani alinikataza kuinama sana kwa sasa.

Stesheni: Nzilani ndiye amekuleta Nairobi. Inama.

Nilitaka kusema wamwache. Sikuwahi. Pindo akasimama, akainama, mikono ikafika chini ya magoti. Akarudia. Mara ya tatu akasimama ghafla na kushika paja.

Pindo: Uwi. Imeingia kwa mguu.

Godoro: Na mgongo?

Pindo: Mgongo umelegea. Lakini mguu, hadi hapa chini kwa tafu, kama waya moto.

Weh, mngeona furaha ya benchi. Stesheni alipiga makofi. Godoro alimpa Bile mkono. Eti mgongo umepona, eti treni imegeuzwa, ikisukumwa kidogo tu itatokea kwa vidole na kwenda zake.

Stesheni: Inama tena, tuimalize.

Pindo: Siinami.

Stesheni: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Pindo: Nimesema siinami, mzee. Huu mguu naujua. Huu ndio ulinifanya nilie kwa choo Mei yote.

Alisema hivyo kwa sauti ya chini. Akashika kiuno kwa mikono miwili, akaangalia juu kwa nyaya za stima, akajikunja kwa nyuma. Akarudi. Akajikunja tena, na tena, hana haraka, macho amefunga. Sisi tukamwangalia. Bile alimwaga kahawa nje ya kikombe bila kujua.

Bile: Sasa?

Pindo: Imetoka kwa tafu. Iko kwa paja. Ngoja.

Akaendelea.

Pindo: Imetoka kwa paja pia. Imerudi hapa mgongoni. Na inauma kweli, hapa.

Stesheni: Si ndio hiyo nasema. Nairobi tena.

Akakaa chini pole sana na kuchukua simu. Akasema kama ni hivyo, ni kama kufukuza panya, akitoka chumba hiki anaingia kile. Afadhali amwambie Griffins wamchinje huyo jogoo wamle, mwaka ujao Mungu akipenda. Bile alitikisa birika na likalia tupu, kahawa imekwisha. Nami nilihisi vibaya mpaka nikaunguza mandazi ya upande mzima.

Hapo ndipo akaja dada mmoja. Hatukumjua. Tulikuwa tumeona mkokoteni wake ukishusha vitu asubuhi kwenye ploti ya nyuma, kabati na masufuria na kitanda cha chuma. Alisema anaitwa Nyawira, ni mpangaji mpya, akatusalimia. Jasho lilikuwa linamtoka.

Nyawira: Naomba kuuliza. Hii fimbo ina mwenyewe? Kabati limekwama kwa mlango, nataka kitu cha kulisukuma kutoka kwa chini.

Alikuwa anaonyesha ile fimbo iliyoegemea ukuta, ile Bile aliyoitundikia kitambaa chake cha kupangusia vikombe.

Bile: Hiyo ni ya fundi. Pindo, si ni yako?

Pindo: Ni yangu.

Nyawira: Aki pole, mzee, sikujua unaitumia. Acha basi.

Bile: Iko hapo tangu Alhamisi. Aliiacha.

Nyawira akaangalia fimbo, akamwangalia Pindo.

Nyawira: Alhamisi? Sasa leo ulitembea na nini kuja hapa?

Nawaambia, benchi zima lilimgeukia Pindo. Godoro aliangalia chini ya benchi, labda kuna fimbo nyingine huko. Hata mimi, ninayeona kila mguu unaopita kona hii, nilikuwa nimemwona Pindo akiteremka kutoka kwao, akivuka lami, akiruka mtaro, na sikuona kitu. Mtu aliyekuwa akitembea na fimbo tangu Mei. Na Ijumaa alikuja, na jana alikuja, na tulikuwa tumekaa tu tunabishana juu ya transfoma.

Pindo alikuwa wa mwisho kuelewa. Aliangalia mguu wake wa kushoto, akausukuma chini kwa nguvu, akausukuma tena.

Pindo: Nilitembea tu.

Akasimama. Akaenda mpaka kwenye mtaro, akarudi. Alipofika mbele yangu macho yalikuwa yamelowa, na sitamchekea kwa hilo.

Pindo: Mama Phelister, nimekumbuka. Alisema, mguu ukipoa, uchungu ukirudi juu kuja katikati ya mgongo, hiyo ndiyo njia. Alisema hata mgongo ukilalamika zaidi siku za kwanza, nisiogope, niendelee. Ni ukishuka mguuni ndio niache. Hiyo ndiyo aliniambia.

Phelister: Na hapa umekunjwa kwa hili benchi mchana kutwa.

Pindo: Na benchi fupi kama hili Nzilani alilikataza.

Wote tukaliangalia benchi.

Stesheni: Kwa hivyo Nairobi ndiyo mwisho wa reli.

Pindo: Ndiyo mwisho, mzee. Ikifika hapo inazimwa. Kesho asubuhi nitaenda nimuulize Nzilani mwenyewe, nisimsikilize mtu mwingine.

Stesheni: Sawa. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Miaka yote nimemsikia Stesheni akipiga methali, na hiyo ndiyo ya kwanza iliyofika stesheni yake. Nilimpa andazi la bure, moja ya yale ambayo hayakuungua.

Pindo alipiga simu akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Godoro alimsogezea nafasi akaikataa kwa kichwa. Tulisikia Griffins akipokea, na nyuma yake kuku wakilia.

Pindo: Griffins. Ni mimi. Mwambie mama jogoo asichinjwe. Hapana, nimesema asichinjwe. Wape wageni omena. Desemba nakuja, na hilo shoka unitafutie lenye mpini mrefu, kuinama bado sijaruhusiwa.

Sijui Griffins alisema nini, lakini Pindo alicheka, na ilikuwa muda tangu tumsikie akicheka. Nyawira bado alikuwa amesimama pale, hajui amefanya nini.

Nyawira: Kwa hivyo naweza kuazima?

Pindo akatoa kitambaa cha Bile juu ya fimbo, akamkabidhi Nyawira hiyo fimbo.

Pindo: Chukua, dada. Na ukimaliza usirudishe.