Bi. Phyllis Wachuka na Ndege za Chumba cha Vipimo

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bi. Phyllis Wachuka Mwai anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya viungo bandia hapa Ruring'u, Nyeri, kwa miaka thelathini na saba. Alifika mwaka wa 1988 kutoka Kerugoya, akiwa na sanduku la bati mkononi na boksi la viatu kwapani. Waliompokea wanasema sanduku alimwachia dereva alibebe, lakini boksi alikataa liguswe na mtu yeyote. Walidhani ndani mna viatu vya Jumapili. Kumbe mlikuwa na ndege ya mbao, Dakota ya zamani, mabawa yake yamefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Wengi wetu tunamwita Mama Lynn. Alianza kazi wakati miguu bandia ilikuwa bado ya mbao na ngozi, mizito kiasi kwamba mgonjwa alitoka hapa amechoka kabla ya kufika barabarani. Alishuhudia plastiki ikiingia, akajifunza kuipasha moto kwenye oveni na kuivalisha, ingali laini, juu ya umbo la mguu la plasta, na baadaye akawafundisha wengine. Tangu mwaka wa 2009 amekuwa mkuu wa karakana. Kliniki zetu za Nanyuki, Karatina na Kagio ni yeye aliyezianzisha, akisema si haki mtu asiye na mguu ndiye atembee mbali zaidi.

Mikono iliyotengeneza miguu ndiyo iliyotengeneza ndege. Umbo la ndege alilichonga kwa mbao, akalichukulia plasta, kisha akalivalisha mabaki ya plastiki yetu, yale ambayo yangetupwa. Baada ya hapo ni msasa, siku baada ya siku, wakati wa chakula cha mchana, huku ugali wake ukipoa. Rangi aliinunua kwa mafundi wa magari mjini, vikopo vidogo vidogo, na mistari aliichora kwa brashi aliyoipunguza mwenyewe mpaka ikabaki na nywele chache tu. Dakota, Comet, Fokker Friendship: ndege zilizopita kwenye anga hii kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Alizitundika kwenye dari ya chumba cha vipimo. Daktari Kingori, aliyekuwa msimamizi wetu wakati huo, aliuliza kama hii ni hospitali au uwanja wa ndege. Mama Lynn alimwomba alale kwenye kitanda cha vipimo na atazame juu. Daktari alilala, akatazama, akaondoka. Ndege zilibaki. Mtoto anayepigwa plasta hulazimika kutulia kabisa, na tangu ndege zipandishwe hatuhitaji tena watu wawili wa kumshika.

Kuna mzee Gicheru, muuza nyanya wa Kagio, aliyeomba mguu wake upakwe mistari kama ya mkia wa Dakota. Mama Lynn alimwambia mguu utafunikwa na suruali, hakuna atakayeuona. Gicheru akasema hilo amwachie yeye. Mpaka leo, ukipita soko la Kagio na ukajifanya huamini, atapandisha suruali mbele ya wateja.

Lakini ndege moja ilimshinda kwa miaka mingi, na sababu yake ametupa ruhusa kuisema.

Mwaka wa 1974, mama yake, Ngendo, aliyekuwa muuguzi Kerugoya, alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ukunga kwa miaka miwili. Wachuka alikuwa na miaka tisa. Familia nzima ilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Embakasi. Siku hizo palikuwa na roshani ambapo watu walisimama kuwaaga wasafiri, na chini yake ilingoja ndege ya VC10, ndefu, injini zake nne zimekusanyika nyuma karibu na mkia. Ngendo alipanda ngazi akiwa amevaa koti alilonunuliwa na wanakwaya wenzake. Aligeuka mlangoni, akaingia. Wachuka alipunga mkono mpaka bega likamuuma, akilipungia kila dirisha kwa kuwa hakujua mama yake amekaa wapi.

Mwaka uliofuata, wakati wa baridi ya kule, Ngendo aliugua mapafu akafariki. Alizikwa huko huko, katika mji wa Leeds. Baba yake, Mzee Mwai, mwalimu wa shule ya msingi, hakuwa na njia yoyote ya kumleta nyumbani. Kerugoya ibada ilifanyika bila jeneza, na watu wakaenda zao bila kujua watazame wapi.

"Uso wake ulinitoka akilini polepole," Mama Lynn alituambia siku moja tukinywa chai. "Lakini ile ndege naikumbuka yote, mpaka magurudumu."

Hiyo VC10 aliijenga tena na tena. Alichonga, akasugua, akapaka rangi, akaiweka dirishani. Baada ya siku chache tulimkuta ameiinamia na msasa, akiiondoa rangi yote mpaka plastiki tupu. Tukimuuliza kasoro iko wapi, hakuweza kuionyesha. "Bado," alisema. Sisi tuliiona nzuri kuliko zote. Binti yake Lynn, anayefanya kazi Nairobi, alimsihi mara nyingi waende pamoja Leeds walione kaburi. Alikataa kila mara. "Niende nikaangalie jiwe?"

Mwaka wa 2023 tulimpokea mgonjwa mpya, Bi. Taraben, wa familia yenye duka la vitambaa hapa Nyeri. Kisukari kilikuwa kimemnyima mguu wa kushoto chini ya goti. Alikuwa mkali. Aliukataa mguu wa kwanza, akaukataa wa pili, akasema sisi mafundi wa siku hizi hatuna haya. Siku ya vipimo vya tatu alikuwa amelala chali akinung'unika, ghafla akageukia dirisha. Dirishani palikuwa na VC10.

"Hii nani ametengeneza?" aliuliza.

Mama Lynn alisema ni yeye.

"Mlango ya mbele umeweka mbali sana na pua. Lete hapa nikuonyeshe. Mimi nimefanya kazi ndani ya hii ndege."

Tulioshuhudia tunakumbuka jinsi Mama Lynn alivyoiweka chini soksi ya plasta iliyokuwa mkononi, yaani ule mfuko wa kitambaa tunaomvalisha mgonjwa, na kukaa kwenye kiti cha wageni kana kwamba ndiye mgonjwa. Bi. Taraben alikuwa mhudumu wa ndege ujanani. Baba yake hakutaka kusikia habari hizo, na yeye alienda hata hivyo. Alihudumu mpaka shirika lake la ndege lilipofungwa, ndipo akarudi nyuma ya kaunta ya vitambaa na hakupanda ndege tena.

Mama Lynn alimweleza habari za mama yake. Alimtajia mwaka, mwezi, hata koti. Bi. Taraben alitikisa kichwa.

"Siwezi kukudanganya," alisema. "Sijui kama mimi nilikuwa kazini siku hiyo. Watu walikuwa wengi. Lakini hao wasichana wa kwenda kusoma unesi nawajua. Nawajua wote."

"Walikuwa wanalia?"

"Wanalia mpaka Entebbe! Mimi nafunga mkanda yao, nawapa peremende. Injini iko nyuma, kwa hivyo mbele ni kimya sana, unasikia mtu akivuta kamasi. Halafu chakula inakuja. Wanauliza hii ni nini, hii ni nini. Wanakula yote. Baada ya hapo wanaanza kucheka, wanabadilishana viti waone mawingu." Alimshika mkono. "Mama yako alikula, na alicheka. Mimi nakuambia."

Mama Lynn alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji. Hakuna aliyemfuata. Aliporudi alimaliza vipimo, na mguu huo wa tatu Bi. Taraben aliuchukua bila neno. Aliuvaa kwenye sikukuu ya Diwali ya mwaka huo, akatuletea peremende na vitafunio vya kutosha karakana nzima.

Kwa miezi iliyofuata Bi. Taraben alikuja hata bila miadi. Alikaa na fimbo yake kando ya meza ya chakula cha mchana, akikumbuka kwa sauti: jiko lilikuwa hapa, viti vilipangwa hivi, makoti yalitundikwa pale. Mama Lynn alijenga VC10 mpya, na safari hii aliukata ubavu mmoja ukabaki wazi. Ndani mlikuwa na viti vyote, vidogo kama punje za mahindi, vyenye rangi aliyoagizwa na Bi. Taraben, ambaye alirudisha kikopo cha rangi mara mbili akisema siyo yenyewe. Ilipokamilika tulikusanyika kuitazama. Mmoja wetu akauliza mbona viti vyote ni vitupu, mbona hakuna hata mtu mmoja.

"Walishashuka," Mama Lynn alisema. "Walifika salama."

Ndege hiyo hakuigusa tena kwa msasa. Wiki hiyo hiyo alimpigia Lynn simu mbele yetu, akamwambia kwa Kigikuyu ambacho hata wasiokijua walikielewa, kwamba sasa anataka kwenda Leeds. Pasipoti ilipotoka alituonyesha sote picha yake, akilalamika kwamba wamempiga akiwa amekunja uso. Kwa miaka yote hiyo amejenga ndege, na hajawahi kupanda hata moja. Ataondoka Jumapili na binti yake. Bi. Taraben amemwagiza asikubali kupewa kiti cha katikati, na asiogope kuomba chai mara ya pili.

Hatujui karakana itakuwaje bila yeye. Kuna namna anavyomgusa mgonjwa gotini kabla ya kumwambia asimame, na hakuna hata mmoja wetu anayeiweza. Tumejaribu wiki hii, mgonjwa akacheka. Ndege zote ametuachia, pamoja na maagizo ya kuzifuta vumbi kwa brashi laini na wala si kwa kitambaa. Vumbi tutalifuta. Kumpata mtu wa kugombana na redio ya asubuhi kama alivyogombana nayo, hilo hatutegemei.

Mama Lynn, asante. Asante kwa miguu inayotembea leo kutoka Nanyuki hadi Kagio, kwa watoto waliotulia wakitazama dari, na kwa subira uliyotufundisha bila kutuhubiria. Pumzika vizuri, ule vizuri, na maisha yako mapya yawe mepesi mikononi mwako.

Jumatatu wagonjwa watakuja kama kawaida, na watakuulizia. Tutawaambia umeenda kumwona mama yako.