Kielezi Kilichomnyima Cheo Mwalimu Theopista

Baba Paroko, masista, ndugu wa Mkuu na wa Kilema, walimu na wanafunzi, Tumsifu Yesu Kristo. Familia inaomba utulivu, hata wa jikoni waweke sufuria chini kidogo, maana historia hii itasomwa kama ilivyokuwa, haikutiwa sukari.

Mwalimu Theopista Kornel Kavishe alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, Mkuu, Rombo, mtoto wa tatu wa Mzee Kornel, mkulima wa kahawa, na Mama Victoria, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari mjini Moshi, na mwaka 1986 akahitimu ualimu wa Kiingereza, lugha aliyoipenda bila kuiogopa, na hilo watu fulani hawakumsamehe.

Kuanzia Januari 1987 hadi alipostaafu mwaka 2023 alifundisha shule moja tu, karibu na Himo. Waliopita mikononi mwake wanakumbuka alivyosema kwamba kielezi hakijitegemei, kazi yake ni kueleza kitenzi, kikikosewa tendo zima linageuka, na kwamba si kila kielezi cha Kiingereza huvaa mkia wa "-ly": aliyelima "hard" ametoka jasho, aliyelima "hardly" jembe hajalishika, na mtoto aliyeandika "fastly" alikimbizwa kuzunguka darasa mpaka acheke mwenyewe.

Alifunga ndoa na Wenseslaus Mosha tarehe 12 Desemba 1987, Kilema, wakajaliwa watoto wawili, Mathew na Grace.

Tarehe 4 Agosti 2009 bodi ilikaa kuteua makamu mkuu wa shule, na kwa kuwa wafadhili kutoka nje walikuwepo, mkuu wa shule wa wakati huo, Mwalimu Ebenezeri, aliyeketi pale mbele, aliombwa amweleze Theopista kwa Kiingereza, akasimama, akanyoosha koti, akatamka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "She hardly works, day and night," akidhani amemsifu kwa kujituma, kumbe amewaambia wageni kwamba usiku na mchana kazi hafanyi. Wageni wakatazamana, cheo akapewa mwingine, na Theopista akaja kuambiwa sababu getini na mjumbe mmoja wa bodi.

Kesho yake alimfuata Mwalimu Ebenezeri ofisini, akampa shikamoo yake, akamwomba awaambie wageni, ambao walikuwa hawajaondoka bado, kwamba amekosea neno. Akajibiwa, "Wee Madam, nimekusifia na -ly juu, bado unanitafutia nini?" Theopista akamwambia, "Mwalimu, hiyo -ly imenifukuza kazi nikiwa kazini." Mwalimu Ebenezeri alielewa, familia inajua alielewa, maana aliinuka akafunga mlango, ila aliona afadhali mwanamke aitwe mvivu kuliko yeye aonekane Kiingereza kinampiga chenga, na kila wageni wale waliporudi, Theopista ndiye aliyetumwa kuwapangia viti.

Alianza kuugua figo Machi 2024, akatibiwa Moshi, akafariki tarehe 17 Mei 2025 alfajiri. Wiki ya mwisho alimwambia bintiye, "Yule mzee akija msibani atasema nilikuwa mchapakazi. Si angesema wakati nasikia?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokata ndizi na kulala nasi hapa, jumuiya, na walimu wenzake waliomsitiri kwa maneno mema. Kwa uongozi wa shule, shukrani zinasubiri.

Ratiba inasema sasa ni salamu za Mwalimu Ebenezeri. Familia haimzuii, ila aanze na sentensi ile, kwa Kiingereza kilekile, aisahihishe mbele ya Mathew na Grace, kisha aendelee na mengine, na akishindwa, akae, mazishi yataendelea bila salamu zake.

Mwalimu Theopista, Mungu akupe pumziko. Mwalimu Ebenezeri, kipaza sauti hiki hapa.