Kuta za Muda za Fundi Timazi

Wizara inayohusika na elimu ilikwishatamka, na tamko hilo halijatenguliwa, kwamba elimu ya chuo ni jukumu la pamoja la serikali, mzazi na mwanafunzi, na kwamba wajibu wa mzazi hukoma siku mtoto anapohitimu. Marehemu kaka yetu alilisikia tamko hilo redioni akiwa juu ya ngazi, akipiga lipu nyumba ya watu. Alishuka, akaosha mwiko, akaenda kwake kupima vyumba.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, mtoto wa pili wa mchoma matofali, katika chumba kilichopakana na tanuri. Mama yetu alikuwa akisema huyu hakuwahi kulia kwa baridi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akafaulu kuendelea. Jioni ya matokeo baba aliuliza swali moja tu: "Atalipa nani?" Kesho yake mtoto akabeba matofali. Uzeeni marehemu alisema swali lile halikujibiwa, lilihama tu, likawa linamfuata kila nyumba aliyolala.

Alikuwa fundi mwashi kwa maisha yake yote. Tulimwita Timazi, kwa ule uzi wa kupimia wima, maana hakuvumilia ukuta ulioinama hata kama mwenye nyumba mwenyewe ameinama. Alijenga maghala, madarasa, na bweni moja la chuo ambalo hakuingia tena baada ya kukabidhi funguo.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, akamjengea nyumba ya vyumba vinne. Walijaliwa watoto watatu, kila mmoja na chumba chake. Alfajiri baba yao aliwaamsha kwa kugonga kuta zao kwa mpini wa mwiko. Hakuita mtu. Aligonga, na nyumba ikaamka.

Mwaka 1997 kifungua mimba alichaguliwa kusomea uhandisi. Serikali ilituma pongezi. Marehemu aliuza chumba cha kijana kwa jirani, ambaye alitoboa mlango upande wake na kuweka mpangaji. Mlango wa ndani marehemu aliuziba mwenyewe, na hapo ndipo mdogo wake, fundi pia, aliposhangaa: tofali jembamba, udongo mtupu, saruji hakuna.

"Kaka, ni wewe kweli unayejenga hivi?"

"Huu wa muda. Akianza kazi atakikomboa chumba chake. Sitaki apate tabu kubomoa."

Wa pili alipokwenda kusomea uhasibu, chumba cha pili kikaenda vivyo hivyo. Ilipofika zamu ya binti, kitindamimba, shemeji alisema, "Mume wangu, huyu naye akitaka shahada ya pili, sisi tutalala juu ya bati."

Marehemu akawaita wakubwa wawili wamsomeshe mdogo wao, ili chumba cha tatu kipone.

"Baba, mimi mwenyewe bado nakatwa mkopo," alisema mhandisi.

"Na nyumba yenyewe ya kizamani," alisema mhasibu. "Subirini, tutawajengea mpya."

"Haya, wanangu. Kunyweni chai, inapoa."

Wiki iliyofuata alichanganya udongo.

Mzee na mkewe walibaki katika chumba kimoja, lakini alfajiri aliendelea kugonga kuta zote tatu.

"Unamwamsha nani?" aliuliza shemeji.

"Watoto."

"Watoto wana vitambi sasa, mume wangu."

Mpangaji wa chumba cha kwanza, mwoka mikate, alikuja kulalamika. Baadaye alizoea, na saa yake ya mezani ilipoharibika hakununua nyingine.

Marehemu alianza kuugua kifua mwaka 2018, kwa vumbi la saruji, kwa mujibu wa daktari. Watoto walichanga bila kusukumwa. Palikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na mwenyekiti. Siku za mwisho aliomba kitanda kisogezwe ukutani. Binti yake, ambaye sasa ni mwalimu wa chuo, ndiye aliyekuwa akimnywesha uji.

"Kaka zako wamekuja kubomoa?"

"Wako njiani, baba."

"Basi msipige lipu. Watapata tabu."

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 2021, mwiko ukiwa kitandani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wote wenye shahada, wajukuu watano, wadogo zake wawili, na kuta tatu zisizo na lipu. Mwiko wake tumeulaza naye ndani ya jeneza, kwa ombi la mjane, aliyesema mtu huyu amefanya kazi ya kutosha. Tunamwombea pumziko lenye amani, asidaiwe wala asiulizwe swali.

Mwoka mikate wa chumba cha kwanza ametuomba tufikishe pole zake. Anasema tangu msiba hajachelewa kazini. Anagongewa kama kawaida.