Mwizi wa Kinyumenyume

Ndani ya basi, mama mmoja alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, mzee mmoja, filamu aliyoitazama juzi. Hakujua kwamba mzee huyo ndiye aliyeiongoza. Kijana wa kiti cha nyuma, aliyependa michezo yote ya jukwaani ambayo mzee huyo aliwahi kuiongoza, alimtambua na kumwonea huruma.

"Baba, mwizi anaingia jikoni kinyumenyume, anaiba sufuria huku anatukodolea sisi macho. Mjane naye, kaburini, kampa marehemu kisogo ili tuyaone machozi."

"Jukwaani, mama, kumpa mtazamaji mgongo ni kumkosea adabu," mzee akajibu.

"Sasa mle jikoni mtazamaji kakaa wapi, juu ya jiko?"

Mzee akakohoa. Ilikuwa filamu yake ya kwanza, naye alikuwa njiani kwenda kuomba apewe ya pili.

"Lakini usinicheke," mama akaongeza, "mwishoni nililia."

"Ulilizwa na nini hasa?" mzee akauliza kwa pupa.

Kabla mama hajajibu, basi likasimama. Konda akamhimiza mzee ashuke, hapo ndipo alipoomba kushushwa. Mzee akainuka, akateremka ngazi zote kinyumenyume, uso kwa abiria.

"He," mama akamgeukia kijana. "Mbona katoka kama mwizi wangu?"