Kifaru Aliyekataa Kuachia Mkono

Benchi lenyewe lina miguu minne, ila mmoja ni wa kuazima: tofali. Alilitengeneza Tisa-na-Nusu, fundi seremala, mbele ya karakana yake mwenyewe, na kila anayelikalia humkumbusha kwamba mganga hajigangi. Jina hilo alipewa na msumeno, uliomla nusu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto miaka ishirini iliyopita. Kijiwe kililipitisha tu. Watu humtania kutwa nzima, lakini wakimpa mkono hukikwepa kile kipande, maana kukitania ni rahisi kuliko kukigusa. Jumatatu hiyo saa kumi wote walikuwa wamewahi. Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa amekwisha kupuliza makaa. Redio, fundi simu ambaye kila habari anayo na nusu yake ni ya uongo, alikuwa amefunga kibanda mapema. Na Mwanasheria, ambaye sheria hakuisoma hata siku moja ila aliwahi kuitwa shahidi mara tatu na kesi zote tatu zikafutwa, alikuwa amekalia upande wa tofali, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Walikuwa wanamsubiri Tisa-na-Nusu aseme. Jumamosi alikuwa amekwenda kwenye bustani ya Kampuni, ile kubwa ya burudani iliyofunguliwa nje ya mji, yenye Kifaru mwenye suruali ya mistari. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda kuangalia mbao. Kijiwe kizima kilijua amekwenda kumtafuta binti yake. Miezi minane nyuma binti huyo alimwambia amepata kazi huko, na baba mtu, aliyekuwa ameuza mashine ya kuranda ili amsomeshe uhasibu, akapandwa na hasira. Alisema, "Ukivuka kizingiti hiki kwenda kuchekesha watoto wa watu, usije kunihadithia unachofanya huko." Binti akavuka, na hakuhadithia. Tangu siku ile si simu, si salamu, na mzee wa watu alikuwa anakonda huku akisema ni joto.

— Haya, tupe basi, — Redio alianza. — Mbao umeziona?

— Mbao hakuna. — Tisa-na-Nusu alipokea kikombe. — Plastiki tupu, imechorwa mishipa ya mbao. Nimegonga mlango wa ngome, plastiki. Daraja, plastiki. Nimegonga mti, bwana. Mti una majani, una hata kiota. Plastiki!

— Na ndege kwenye kiota? — Mama Birika aliacha kumimina.

— Anaimba. Kila baada ya dakika mbili, wimbo uleule.

— Ee Mola wangu! Hata ndege?

— Hiyo cha mtoto, — Redio alisema. — Nyie mnadhani Kampuni ni ile bustani. Bustani ni mlango tu. Katuni za asubuhi, zao. Sinema za sikukuu, zao. Begi la shule lenye Kifaru, lao. Dawa ya meno ya watoto ile tamu, yao. Hoteli, yao. Tena wana meli, na juu ya meli kuna bwawa la kuogelea.

— Ngoja kwanza. Meli si iko juu ya maji?

— Iko.

— Na juu yake wameweka maji mengine?

— Ya kuogelea.

— Kwani yale ya chini yana nini? — Mama Birika alishika kichwa. — Jamani, watu wana akili za kutisha!

Mwanasheria alikohoa. Yeye hukohoa kabla ya kusema uongo mkubwa, na kijiwe kimeshazoea.

— Kisheria, hapo hamjafika popote. Mtoto akizaliwa, akivalishwa nepi ya Kifaru siku ya kwanza, hapo hapo ameshatia saini. Ni wa Kampuni mpaka uzeeni.

— Mtoto mchanga atie saini na nini?

— Mama Birika, usinilazimishe nieleze mtoto anatia saini na nini kwenye nepi.

Walicheka mpaka benchi likayumba. Tisa-na-Nusu hakucheka.

— Ndiyo maana wahenga walinena, — Mwanasheria aliendelea, amenogewa, — mtoto akililia wembe, mpe.

— Hapo imeingiaje?

— Itaingia tu, subiri.

— Ukaingia kwenye treni ile inayopindua watu miguu juu? — Redio aliuliza.

— Sikwenda kupinduliwa. — Tisa-na-Nusu aliangalia kahawa yake. — Nilizunguka. Nimeingia maduka yao yote ya midoli, kumi na moja. Nimepita jikoni kwa nyuma, nimepita wanapokata tiketi. Nimeingia hata hotelini, huko taulo wanazikunja zinakuwa vifaru, ukifungua mlango unamkuta kitandani anakutazama. Kila msichana mwenye sare nilimwangalia usoni. Mpaka mlinzi akaja, akaniambia, "Mzee wangu, umepotelewa?"

— Ukasemaje?

— Nikasema hapana.

Mama Birika alimwongezea kahawa ambayo hakuiomba.

— Si ungemtaja jina, baba? — alisema polepole. — Wangekuitia.

— Nikimtaja ataambiwa nimekuja.

— Si ndiyo ulichoendea?

Tisa-na-Nusu aliweka kikombe juu ya magoti na kusema lile lililomkosesha usingizi siku mbili.

— Nilipokuwa natoka, yule Kifaru alinikamata.

— Alikufanya nini?! — waliruka wote watatu.

— Alinikamata. Yuko pale uwanjani na pembe lake la sponji, watoto wamepanga foleni, kila mmoja anakumbatiwa kidogo, anapigwa picha, anapita. Haraka haraka, kuna msimamizi mwenye miwani anahesabu. Mimi foleni sikuwamo, napita zangu ukutani. Kifaru akaniona. Akawaacha watoto wa watu, akaja mbio, tumbo linaruka huku na huku, akanikumbatia.

— Mwenyezi Mungu!

— Nikasema sawa, ni mchezo. Nikasubiri aachie. Haachii! Watoto wanalalamika, yule wa miwani anapiga filimbi, Kifaru kimya, amening'ang'ania. Halafu akanishika mkono huu. — Aliinua wa kushoto. — Akakishika hiki kipande cha kidole, akakifumbata kwenye kile kiganja chake cha manyoya. Anakibana, anaachia. Anakibana, anaachia.

Mama Birika alikaa chini. Kahawa ilikuwa inachemka hadi kumwagikia makaa, na hakuna aliyeiepua.

— Nimeshaelewa, — Redio alisema, sauti imemshuka. — Hiyo ni mashine. Ndani ina mota na kamera, kwenye macho. Umepita duka moja hadi jingine hununui kitu, unagonga milango. Imekutilia shaka. Pale ilikuwa inakuchukua alama za vidole.

— Kwenye kidole kisicho na ncha?

— Ndiyo maana iling'ang'ania! Inasoma, haipati. Inasoma tena, haipati. Imechanganyikiwa!

— Acha zako, Redio. — Mwanasheria alisimama kabisa. — Kisheria ile ni kupima. Wanataka kumtengeneza mdoli. Fundi mwenye vidole tisa na nusu, duniani wako wangapi? Mwakani mtamkuta dukani, ukimbonyeza tumbo anasema "Njoo kesho, kabati halijakauka." Wahenga hawakukosea, damu nzito kuliko maji.

— Damu imetoka wapi tena?

— Maji yanayouzwa kule bei yake umeisikia? Basi.

— Na mbona alikuwa hasemi? — Mama Birika aliuliza. — Mashine zote siku hizi zinasema. Hata mzani wa sokoni unasema.

— Haruhusiwi kusema, — Redio alijibu. — Sauti ya Kifaru iko kwenye sinema, imefungiwa kwenye kasha la chuma, ina walinzi. Na hilo kasha haliko duniani. Upande wa nyuma wa mwezi, ule tusiouona, wameshaununua wote. Wanajenga hoteli huko.

— Mwezi?!

— Mnadhani kwa nini siku nyingine hauonekani? Wanaleta saruji.

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia Redio. Siku iliyokuwa na mti wa plastiki na kifaru anayekamata wazee, mwezi haukuwa mbali.

— Wewe ukafanyaje? — Mwanasheria aliketi tena, akamgeukia Tisa-na-Nusu.

— Nilimsukuma.

— Kifaru?

— Watu wote wananitazama, simu zimeinuliwa, wananicheka. Nikaona haya. Nikamwambia, "Niachie, mnyama wewe!" Nikamsukuma kwa mikono miwili. Akaanguka makalio chini, pembe likapinda. Watoto wakaangua kilio. Yule wa miwani akamshika Kifaru mkono, akampeleka kwenye mlango uliochorwa mawingu. Kifaru aligeuka kuniangalia mara mbili.

— Imekuhifadhi sura, — Redio alinong'ona. — Hama nyumba.

Ndipo alipofika mwalimu wa chekechea. Ni mgeni mtaani, hana hata wiki tatu, na kijiwe kilikuwa bado hakijampa jina la utani. Alikuwa amebeba kiti kidogo cha mtoto kilichovunjika mguu. Alisalimia, akaitikiwa, akasimama na kiti chake akingoja fundi amalize. Maneno ya mwisho alikuwa ameyasikia tangu kona.

— Samahanini, — alisema. — Huyo Kifaru aliyesukumwa, ndani yake alikuwamo nani?

— Ndani? — Redio alifungua mdomo. — Ndani mna mota...

— Mi nilidhani ni mtu. Sherehe ya shule mwaka jana nilivaa simba, nusura nizimie. Joto lake mle, na kusema huruhusiwi, watoto wasije wakajua. — Aliwatazama mmoja mmoja. — Mle ndani siku zote kuna mtu. Nauliza tu, alikuwa nani?

Mwanasheria alikohoa, kisha kikohozi kikamwishia hewani bila neno lolote nyuma yake. Mama Birika alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga na macho yamemjaa maji.

Tisa-na-Nusu alikuwa anakitazama kidole chake. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kukikwepa kile kipande. Alikuwa mdogo, hata meno ya mbele hana, na kila jioni alikuja hapa hapa benchini kumfuata baba yake waende nyumbani. Mkono wake haukutosha kukishika kiganja cha baba, kwa hiyo alikuwa akishika hicho hicho kipande, anakibana, anaachia, anakibana, anaachia, mpaka mlangoni. Alipokuwa mkubwa akaacha, na baba mtu hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa anapapenda pale panaposhikwa.

— Nimemwangusha, — alisema.

Hakuna aliyempoza, kwa sababu ilikuwa kweli.

— Amenikimbilia mbele za watu, mwanangu, na mimi nimemwangusha. Nikamwita mnyama.

Alisimama ghafla, benchi likainuka upande mmoja na Mwanasheria akashika ukuta. Alipokea kile kiti cha chekechea, akakilaza juu ya meza ya kazi kwa uangalifu, akavua aproni. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi na hakulifuta. Kikombe chake alikiacha kwenye benchi, kimejaa.

— Kesho ile bustani wanafungua saa ngapi? — aliuliza.

Mama Birika alimtazama Mwanasheria. Mwanasheria alimtazama Redio. Walijua bwawa lililo juu ya meli, walijua saini ya kwenye nepi, walijua mpaka mwezi ni wa nani. Saa ya kufungua geti hakuna aliyeijua.