Masomo Saba ya Mwalimu Mildred

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mwalimu Mildred Amongin, aliyezikwa Jumamosi nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Tororo. Wengi wenu upande huu wa Busia mlipita mikononi mwake. Mnamkumbuka kwa jambo moja: hakuwahi kutamka neno “zoezi”. Alisema “kazi ya shule”. Wanafunzi walimcheka. Leo tutawaambia kwa nini.

Turudi nyuma, mwezi wa pili, mwaka 1977, Uganda ikiwa chini ya utawala wa kijeshi. Mildred alikuwa mwalimu Tororo. Mume wake, Ofwono, mzaliwa wa Mulanda, alifundisha shule hiyo hiyo. Wakati huo shule za Uganda na Kenya zilikuwa bado zinafuata mtaala mmoja. Pale shuleni kwao masomo yalikuwa saba: Kiingereza, Historia, Sanaa, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Kilimo. Masomo saba, wasikilizaji. Lakini walimu walikuwa wanatoweka. Mmoja alichukuliwa na gari lisilo na namba. Wengine walikimbia bila kuaga. Kila mwalimu alipokosekana, Ofwono alifuta jina lake kwenye ratiba ukutani. Jina tu. Somo hakulifuta.

Mwishowe ratiba nzima ikabaki na majina mawili. Mildred akachukua Kiingereza, Historia na Sanaa. Ofwono akabeba manne yaliyobaki.

Ofwono alikuwa amesomea ualimu Tanganyika, na alikionea fahari Kiswahili chake. Kaka yake Mildred, mzee Egau, anakumbuka: “Shemeji akienda kununua nyanya, ungedhani anahutubia bunge. Akina mama wa sokoni walimwambia, ‘Mwalimu, sema kama watu!’ Dada yangu alicheka mpaka machozi.”

Wanafunzi wakubwa walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Ofwono akamwendea mwalimu mkuu wa shule moja Busia, upande wa Kenya. Yule bwana akasema: mtaala ni mmoja, nitawapokea. Ila nione daftari la kila mwanafunzi, kwa kila somo, kabla ya Ijumaa. Likikosekana somo, hapokelewi mtu.

Wanafunzi wakavuka kidogo kidogo, mikono mitupu, kama watoto wanaotumwa dukani. Wakajificha kwenye ghala la mzee Sowedi, mwenye malori, baba mdogo wa mwanafunzi mmoja aitwaye Zubaida. Yakabaki madaftari.

Jumatano asubuhi, Mildred na Ofwono walifika mpakani. Mildred alikuwa na kikapu: masomo yake matatu chini, muhogo mkavu juu. Ofwono alikuwa na gunia la masomo manne, mdomo wa gunia ukiwa wazi.

“Funika, baba,” Mildred alimwambia. “Weka hata majani.”

“Nifunike nini? Haya ni magendo? Madaftari hayafichwi, Mildred.”

Wakapanga foleni kama watu wasiojuana. Mwanamume mbele, mwanamke nyuma, watu watatu katikati. Mildred alisikia kila neno.

Askari alichomoa daftari moja. Juu ya jalada yalikuwa yamechapwa maneno ya Kiingereza: Exercise Book.

“Hii naandika nini?”

“Daftari la mazoezi,” Ofwono akajibu.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo. Kwa mwalimu, mazoezi ni hesabu, ni insha. Kwa askari wa wakati ule, mazoezi yalikuwa ya bunduki.

“Mazoezi ya nani?”

“Ya watoto wangu.”

“Watoto ngapi?”

“Kumi na mmoja.”

“Nafanya mazoezi wapi?”

“Tororo. Kila asubuhi.”

“Nani nafundisha?”

“Mimi.”

Askari akafungua ndani. Lilikuwa la Jiografia. Akaona ramani: reli, kiwanda cha saruji, barabara ya mpakani.

“Na hii?”

“Ramani. Tulipanda juu ya Mwamba wa Tororo, nikawaonyesha.”

“Kiswahili hii wewe nasoma wapi?”

“Tanganyika,” akasema Ofwono. Alisema kwa fahari, kama siku zote, na huko ndiko walikokimbilia wapinzani wa utawala.

Wakamfunga mikono kwa kamba ya gunia lake.

Miaka mingi baadaye Mildred alimwambia kaka yake: “Egau, nilijua amekosea wapi. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: kazi ya shule. Yalinifika hapa, kooni. Nikatazama kikapu. Nikanyamaza.”

Walipopekua kikapu chake, walichukua muhogo wa juu wakamwachia njia.

Akafika ghalani kwa mzee Sowedi na masomo matatu. Matatu, si saba. Bibi Zubaida, ambaye sasa ana wajukuu, anasimulia: “Tulimuuliza, Mwalimu Ofwono yuko wapi? Akasema, ‘Kaeni chini. Tunaanza na Hisabati.’ Mzee Sowedi alituletea madaftari mapya. Tuliandika upya masomo manne kwa siku mbili, yale tuliyokumbuka. Tulipofika Jiografia, akatwambia tuchore Tororo. Akageuka ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hatukujua kwamba Mwalimu amekamatwa. Tukachora tu.”

Ijumaa, wote kumi na mmoja walipokelewa.

Mwalimu Ofwono hakuonekana tena. Hakuna kaburi. Utawala ule ulipoanguka, Mildred alizunguka kambi baada ya kambi akiuliza jina hilo moja. Hakuna aliyemjibu. Akarudi Busia akafundisha mpaka alipostaafu, na kila muhula mpya alibandika ratiba ukutani yenye jina ambalo wanafunzi hawakulijua. Jiografia: Ofwono.

Jumamosi, kaburini, Bibi Zubaida alifungua mkoba akatoa daftari la zamani, la njano. Mle ghalani, Mildred alikuwa amechukua kalamu akakata yale maneno ya Kiingereza kwenye kila jalada. Chini yake, kwa mwandiko wake, akaandika: Kazi ya shule.

Pole sana, mzee Egau. Poleni jamaa wa Mulanda, ambao sasa mmefiwa mara ya pili. Nanyi wasikilizaji, kama kuna neno mlilolimeza siku ambayo mtu wenu alilihitaji, tuko pamoja. Mkipata nafasi leo, litamkeni. Hata kama hayupo wa kulisikia.